Henry Moseley: Afisa wa Mawasiliano Aliyezipa Elementi Namba Zake

Kila askari ana namba yake. Watu wawili waweza kuitwa jina moja, na waweza kuwa na uzito ule ule wakipandishwa kwenye mizani, lakini namba haigawanywi kwa watu wawili. Kwa namba hiyo askari huandikwa daftarini, hulipwa mshahara, na hutafutwa akipotea. Vitu vyote vya dunia, kama vile chuma cha bunduki, shaba ya ganda la risasi, chokaa ya mifupa yetu na hewa tunayoivuta, vimejengwa kwa elementi, na kila elementi nayo ina namba yake. Mtu aliyezithibitisha namba hizo kwa vipimo alikuwa kijana wa Kiingereza aliyeitwa Henry Gwyn Jeffreys Moseley. Alifanya kazi hiyo akiwa na umri wa miaka 25 na 26. Alipokuwa na miaka 27 aliuawa vitani, akiwa afisa wa mawasiliano.

Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu huyo na kazi yake. Pamoja na hayo tutaeleza jambo moja dogo ambalo hesabu zake hazikuhitaji kuligusa, yaani ukubwa wa kiini cha atomu, na jinsi wataalamu waliomfuata walivyolazimika kulitia katika hesabu zao.

MALEZI YAKE

Moseley alizaliwa tarehe 23 Novemba, 1887, katika mji wa Weymouth, kusini mwa Uingereza. Ukoo wake ulikuwa ukoo wa elimu. Baba yake, Henry Nottidge Moseley, alikuwa mtaalamu wa elimu ya wanyama. Yeye alikuwamo katika meli ya Challenger, iliyozunguka bahari za dunia tangu mwaka 1872 hadi 1876 kwa ajili ya uchunguzi, na baadaye akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford. Babu yake mzaa mama, John Gwyn Jeffreys, alikuwa bingwa wa elimu ya konokono na makombe ya baharini. Lakini baba alifariki mwaka 1891, mtoto akiwa hajatimiza hata miaka minne, na malezi yote yakabaki mikononi mwa mama yake, Bibi Amabel.

Kijana alisoma katika shule ya Eton kwa msaada wa masomo alioushinda kwa akili zake, kisha akaingia Chuo cha Trinity, Oxford. Alimaliza masomo mwaka 1910. Katika mtihani wa mwisho hakupata daraja la kwanza, bali alipata la pili. Twalitaja jambo hili kwa sababu wako vijana wengi wanaodhani kuwa cheti ndicho kipimo cha mwisho cha mtu. Miaka mitatu tu baada ya mtihani ule, Moseley alikuwa amefanya kazi ambayo maprofesa wengi wa daraja la kwanza hawakuifikia katika maisha yao yote.

MANCHESTER NA KIINI CHA ATOMU

Mwaka ule ule wa 1910 alikwenda Chuo Kikuu cha Manchester kufanya kazi chini ya Ernest Rutherford, mzaliwa wa New Zealand, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha pata Tuzo ya Nobel. Moseley alifundisha wanafunzi katika maabara, na saa zilizobaki alifanya utafiti. Alikuwa mchapakazi asiyechoka, na mara nyingi alikesha na vyombo vyake mpaka usiku wa manane.

Hapana budi tueleze kwa ufupi mambo yaliyokuwa yakitendeka Manchester siku hizo. Mnamo mwaka 1909, wasaidizi wa Rutherford, Hans Geiger na Ernest Marsden, walirusha chembe za alfa kwenye bati jembamba sana la dhahabu. Chembe nyingi zilipenya kana kwamba hapakuwa na kitu mbele yao, lakini chache zilirudi nyuma. Mwaka 1911 Rutherford alitoa maelezo yake. Alisema kwamba karibu uzito wote wa atomu, na chaji yake yote chanya, vimekusanyika katika kiini kidogo mno kilichoko katikati, na elektroni zimekizunguka kwa mbali. Kwa hesabu alionyesha kwamba chembe zile zilikikaribia kiini cha dhahabu hadi kama femtomita 30 bila ya kukigusa. Femtomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milioni ya milimita. Kwa hiyo kiini kilikuwa kidogo zaidi ya hapo, ingawa udogo wake halisi haukujulikana.

Ili msomaji apate picha ya udogo huo, na tuichukue atomu ya haidrojeni, iliyo nyepesi kuliko zote. Tukiikuza mpaka kiini chake kilingane na punje ya mahindi yenye upana wa sentimita moja, elektroni yake itakuwa umbali wa mita 300 hivi. Askari aliyepata kulala kwenye uwanja wa shabaha anaujua umbali huo. Punje ya mahindi iliyowekwa mita 300 haina upana wala urefu machoni pa mtazamaji. Ni nukta tu. Ndiyo maana Niels Bohr, mtaalamu wa Denmark aliyefika Manchester mwaka 1912, alipotoa hesabu zake za atomu mwaka 1913, alikichukua kiini kuwa ni nukta isiyo na ukubwa wowote. Hesabu zake za haidrojeni zilitoka sawasawa.

SWALI LA NAMBA

Tangu mwaka 1869, Mrusi Dmitri Mendeleev alikuwa ameziweka elementi katika jedwali, akifuata zaidi uzito wa atomu zake. Jedwali hilo lilikuwa na manufaa makubwa, lakini lilikuwa na kasoro. Kobalti ni nzito kidogo kuliko nikeli, na kwa uzito ingefaa ikae nyuma yake. Lakini kwa tabia zake za kikemia, kobalti hutangulia. Teluri na iodini nazo zilikuwa na ugomvi kama huo. Isitoshe, hakuna aliyeweza kusema kwa hakika ni elementi ngapi zilizokuwa bado hazijagunduliwa. Kwa elementi zile za jamii ya madini adimu, ambazo zafanana mno kwa tabia, wataalamu walikuwa wakitumia miaka kadhaa kuzitenganisha, na bado wakibishana kama wamepata moja au mbili.

Mholanzi mmoja, Antonius van den Broek, ambaye kwa kazi alikuwa mwanasheria, alitoa wazo kwamba nafasi ya elementi katika jedwali ni sawa na chaji ya kiini chake. Lilikuwa wazo zuri, lakini wazo lisilopimwa ni kama taarifa isiyo na shahidi. Moseley alikusudia kulitafutia shahidi.

Silaha yake ilikuwa eksirei. Mwaka 1912 Max von Laue na wenzake huko Ujerumani walionyesha kwamba fuwele huipinda mionzi ya eksirei kwa utaratibu maalum. William Henry Bragg na mwanawe Lawrence waliendeleza jambo hilo, na Moseley alikwenda Leeds kwa Bragg mkubwa kujifunza namna ya kufanya vipimo hivyo. Kisha alishirikiana na Charles Galton Darwin, mjukuu wa yule Darwin mashuhuri, mpaka mbinu zikawakaa mikononi.

Ndipo alipoanza kazi yake mwenyewe. Ndani ya neli ya kioo iliyotolewa hewa aliweka reli ndogo, na juu yake kigari kilichobeba vipande vya elementi mbalimbali vilivyopangwa mstari mmoja. Kwa uzi wa hariri wa kuvulia samaki alikivuta kigari kutoka nje bila ya kuifungua neli, akileta kipande kimoja baada ya kingine mbele ya mkondo wa elektroni. Kila elementi ilipopigwa ilitoa eksirei zake. Eksirei hizo zilipinda kwenye fuwele, zikaacha mistari juu ya bamba la picha. Kwa kuwa baadhi ya mionzi hiyo ni dhaifu na humezwa na hewa, ilibidi hata chombo cha kupimia kiwe ndani ya utupu.

Mistari aliyoitafuta kwanza ni ile iitwayo mistari ya K. Hutokea hivi: elektroni iliyo katika lindo la ndani kabisa, karibu na kiini, ikitolewa mahali pake, elektroni ya lindo la pili huingia kushika nafasi hiyo, na nguvu inayozidi hutoka kama eksirei. Kadiri chaji ya kiini inavyokuwa kubwa, ndivyo mvuto unavyokuwa mkubwa na eksirei inavyokuwa kali.

Moseley alipima kutoka kalisi mpaka zinki. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu kwa usahili wake. Alipochukua kipeuo cha pili cha idadi ya mitetemo ya mstari wa K kwa kila elementi, alikuta kwamba kinaongezeka kwa hatua ile ile moja kutoka elementi moja mpaka inayofuata, kama ngazi yenye vipago vilivyopangwa sawa. Uzito wa atomu haukuwa na utaratibu kama huo. Kobalti ilisimama kwenye kipago cha 27 na nikeli kwenye cha 28, wala hapakuwa na mabishano tena.

Msomaji aweza kuijaribu kanuni hiyo mwenyewe. Chukua namba ya elementi, toa moja, zidisha jibu kwa jibu lenyewe, kisha zidisha kwa 10.2. Utapata nguvu ya mstari wa K katika kipimo kiitwacho elektroni-volti. Chuma ni namba 26. Toa moja, zabaki 25, 25 mara 25 ni 625, mara 10.2 ni 6,375. Vipimo vyatoa karibu 6,400. Ile moja inayotolewa ni kwa sababu elektroni inayobaki kwenye lindo la ndani hukinga sehemu ya mvuto wa kiini.

Makala yake ya kwanza ilitoka Desemba 1913. Wakati huo alikuwa amerudi Oxford, ambako alipewa nafasi katika maabara lakini hakuwa na mshahara. Makala ya pili ilitoka Aprili 1914, nayo ilitoka alumini mpaka dhahabu. Katika ngazi yake palikuwa na vipago vitupu: namba 43, 61 na 75. Mfaransa Georges Urbain, aliyekuwa bingwa wa madini adimu, alisafiri mpaka Oxford na vielelezo vyake. Kazi iliyomchukua Urbain miaka mingi, Moseley aliikagua kwa siku chache tu. Na ile elementi mpya ambayo Urbain aliamini kuwa ameipata, mistari yake haikuonekana.

Vipago vile vilijazwa baadaye, kimoja kimoja. Namba 72, ambayo ilikuwa na mzozo, iligunduliwa Copenhagen mwaka 1923 kwa mistari ya eksirei na ikaitwa hafni. Namba 75 iligunduliwa mwaka 1925, namba 43 mwaka 1937, na namba 61 mwaka 1945. Aliyetabiri hakuwapo kuona hata moja.

VITA

Katikati ya mwaka 1914 Moseley alifuatana na mama yake kwenda Australia, ambako chama cha wanasayansi wa Uingereza kilikuwa na mkutano. Wakiwa safarini, vita kuu ya kwanza ilianza. Ni vita vile vile vilivyowachukua babu zetu wa Afrika Mashariki, wengine wakiwa askari wa KAR, wengine wakiwa upande wa Wajerumani, na wengi zaidi wakiwa wabeba mizigo ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Moseley alitimiza wajibu wake mkutanoni, kisha akarudi kwao upesi na kuomba kuingia katika Kikosi cha Wahandisi wa Kifalme. Wakati huo Uingereza haikuwa na sheria ya kumlazimisha raia kwenda vitani. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 1916. Aliingia kwa hiari yake. Mama yake hakupenda, na Rutherford alijaribu kutafuta njia ili kijana huyo apewe kazi ya kisayansi nchini. Yeye mwenyewe hakutaka kubaki nyuma wakati vijana wa rika lake wanakwenda. Alipewa cheo cha luteni-usu, akawa afisa wa mawasiliano wa Brigedi ya 38 katika Divisheni ya 13.

Katikati ya mwaka 1915 divisheni hiyo ilipelekwa Gallipoli, nchini Uturuki, ambako Waingereza na washirika wao walikuwa wakijaribu kufungua njia ya bahari kuelekea Istanbul. Mwezi Juni, kabla ya kuingia mapambanoni, Moseley aliandika wasia wake. Vyombo vyake na mali yake aliviachia Royal Society ya London, vitumike kwa utafiti.

Wasomaji wetu walio katika vikosi vya mawasiliano hawahitaji kuelezwa kazi ya afisa huyo ilikuwa nini. Brigedi isiyo na mawasiliano ni mwili usio na mishipa. Nyaya za simu zilitandazwa juu ya mawe na vichaka, zikakatwa na mizinga, zikatandazwa tena. Maji yalikuwa haba, jua lilikuwa kali, na adui alikuwa juu ya vilima akiwatazama.

Mapema mwezi Agosti brigedi yake ilipelekwa kwenye miteremko ya kilima cha Chunuk Bair. Alfajiri ya tarehe 10 Agosti, 1915, maelfu ya askari wa Kituruki, wakiongozwa na Kanali Mustafa Kemal, ambaye baadaye alikuwa Rais wa kwanza wa Uturuki, waliteremka kutoka kileleni kwa wimbi moja. Kamanda wa Brigedi ya 38, Brigedia Jenerali Baldwin, aliuawa. Moseley naye aliuawa siku hiyo hiyo kwa risasi ya kichwani, inayosimuliwa kuwa ilimpata alipokuwa kwenye simu akipeleka amri. Hana kaburi linalojulikana. Jina lake limechorwa kwenye mnara wa Helles, pamoja na majina mengine zaidi ya 20,000.

MAHALI AMBAPO MSTARI HUPINDA

Moseley alikuwa amekufa, lakini ngazi yake iliendelea kupandwa. Na kadiri wataalamu walivyopanda juu, ndivyo walivyoona kwamba ngazi hiyo haikunyooka kabisa. Kwa chuma kanuni ilitoa jibu karibu kamili. Kwa dhahabu, namba 79, kanuni yatoa 62,000 hivi, lakini vipimo vya mstari wa K vyatoa karibu 68,800. Sababu kubwa ni kwamba katika atomu nzito elektroni za ndani hukimbia kwa kasi kubwa mno, na hapo sheria za Einstein hushika hatamu. Arnold Sommerfeld alizitia sheria hizo katika hesabu za atomu mnamo 1916, na Paul Dirac akatoa mlinganyo kamili mwaka 1928.

Hata hivyo, palibaki kasoro nyingine. Wote hao walikuwa bado wanakichukua kiini kuwa nukta. Tumeona kwamba kwa haidrojeni hilo halina madhara. Lakini katika urani, namba 92, mvuto ni mkubwa mno hata elektroni za ndani huvutwa karibu sana, na kiini chenyewe ni kikubwa zaidi, kikiwa na nusu-kipenyo cha femtomita 7 hivi. Tukirudi kwenye mfano wetu, elektroni iliyokuwa mita 300 kutoka kwenye punje ya mahindi sasa iko umbali usiozidi nusu mita. Punje iliyo nusu mita mbele ya macho si nukta tena.

Kwa nini ukubwa huo ubadilishe hesabu? Mtu aliye nje ya kundi la watu wanaomvuta kwa kamba huvutwa na wote kuelekea upande mmoja. Akiingia katikati ya kundi, wengine watamvuta mbele na wengine nyuma, na mvuto utapungua. Elektroni si kama sayari inayokaa njiani mwake siku zote. Kwa sheria za atomu, elektroni ya lindo la ndani hupatikana mara nyingine hata ndani ya kiini chenyewe. Kama kiini kingekuwa nukta, mvuto ungeendelea kukua bila kikomo kila elektroni inapokikaribia. Kwa kuwa ni kitu chenye mwili, mvuto hukua mpaka kwenye ukingo wa kiini, kisha hupungua hadi sifuri katikati. Kwa hiyo elektroni hufungwa kwa nguvu ndogo kidogo kuliko ile inayotolewa na hesabu za nukta.

Kwa haidrojeni upungufu huo ni karibu sehemu tano tu za bilioni moja ya elektroni-volti. Kwa urani iliyobakiwa na elektroni moja ni karibu elektroni-volti 200, katika nguvu ya jumla ya 132,000 hivi. Yaani kutoka mwanzo wa ngazi mpaka namba 92, athari hiyo imekua zaidi ya mara bilioni 40. Mwaka 2005 wataalamu wa Darmstadt, Ujerumani, walitangaza vipimo vya urani ya namna hiyo. Tofauti kati ya vipimo hivyo na hesabu ya Dirac ya kiini-nukta ilikuwa karibu elektroni-volti 460. Karibu 200 katika hizo zatokana na ukubwa wa kiini, na zilizosalia zatokana hasa na athari nyingine za uga wa umeme wenyewe.

Kuna jambo zito zaidi. Hesabu ya Dirac, kiini kikiwa nukta, huvunjika kabisa ikipita namba 137. Jibu linalotoka halina maana yoyote. Mtu angeweza kudhani kwamba maumbile yameweka ukuta hapo. Lakini kiini kikipewa ukubwa wake wa kweli, ukuta huo huondoka, na hesabu husonga mbele mpaka karibu namba 170. Mpaka huo wa 137 ulitokana na nukta ambayo haiko duniani.

Kwa sababu hizo, wataalamu wanaotumia kompyuta kukokotoa mpangilio wa elektroni katika atomu nzito hawatumii nukta. Wengine hukichukua kiini kuwa mpira uliojaa chaji sawasawa. Wengine hutumia umbo la kengele liitwalo kwa jina la Gauss, na wengine umbo la Fermi, ambalo katikati limejaa na ukingoni lafifia polepole. Hata kazi ya kompyuta hupungua, maana mbele ya nukta wimbi la elektroni huwa na ncha kali ambayo ni vigumu kuifuata kwa hesabu, bali mbele ya mpira ncha hiyo huwa butu. Kwa elektroni za nje, ambazo ndizo zifungazo atomu moja na nyingine, tofauti huwa ndogo mno. Lakini kwa elektroni za ndani, na kwa kutofautisha aina mbili za elementi ile ile, tofauti hiyo haiwezi kuachwa. Kwa mfano, urani 235 na urani 238 zina namba moja na chaji moja, lakini viini vyake havilingani kwa ukubwa, na ndiyo sababu kubwa ya mistari yake ya mwanga kuachana kidogo.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulitoka Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1953. Val Fitch na James Rainwater walitumia chembe iitwayo muoni, ambayo ni kama elektroni lakini ni nzito mara 207, na kwa hiyo huzunguka karibu zaidi na kiini kwa kiasi hicho hicho. Walipima mstari wa K wa muoni katika atomu za madini ya risasi. Kama kiini kingekuwa nukta, mstari ungekuwa na elektroni-volti milioni 16 hivi. Walipata karibu milioni 6. Katika atomu hiyo muoni hukaa sehemu kubwa ya wakati ndani ya kiini, na kutokana na upungufu huo wao waliupima upya ukubwa wa viini. Njia ilikuwa ile ile ya Moseley, yaani kusoma mstari wa K. Ila yeye aliusoma kupata chaji ya kiini, na wao wakausoma kupata upana wake.

Njia hiyo haijazeeka. Mwaka 1973, huko Oak Ridge, Marekani, mistari ya K ilitumiwa kuthibitisha namba ya elementi ya 104. Elementi hiyo leo yaitwa kwa jina la Rutherford, mwalimu wake.

HASARA NA WAJIBU

Habari za kifo cha Moseley ziliwasikitisha wataalamu wa pande zote mbili za vita, Wajerumani pia. Rutherford alilalamika hadharani kwamba taifa lilikosea kumtumia mtu wa namna hiyo katika kazi ambayo wengine wangeiweza. Katika vita ya pili ya dunia Uingereza ilifuata utaratibu mwingine: wanasayansi waliandikishwa na kupangiwa kazi za utaalamu, kama vile rada, badala ya kuachwa wajipange wenyewe katika mahandaki.

Sisi twaona kwamba Rutherford alisema kweli, lakini hakusema yote. Ni kweli kwamba jeshi lenye busara humweka kila mtu pale ambapo kipaji chake chafaa zaidi, na kwamba kamanda asiyewajua watu wake hupoteza asichoweza kukinunua tena. Lakini kwenye mteremko ule wa Chunuk Bair walikufa siku hiyo mamia ya vijana wa nchi nyingi, Waturuki kwa Waingereza, na hakuna ajuaye ni vipaji gani vilizikwa pamoja nao. Damu ya Moseley haikuwa nyekundu kuliko yao. Tofauti ni kwamba yeye alipata miaka miwili ya kuonyesha alichokuwa nacho, na wao hawakuipata.

Wala yeye mwenyewe hakuomba kutofautishwa. Aliijua thamani ya kazi yake, ndiyo maana akaiandikia wasia. Na bado alishika simu mpaka dakika ya mwisho, kama ambavyo afisa yeyote wa mawasiliano hutakiwa kufanya. Elementi zilizotambuliwa sasa zimefika 118, kila moja na namba yake, na hakuna mbili zenye namba moja. Kila mwanafunzi anayelifungua jedwali hilo darasani huanza na namba alizozithibitisha Luteni-usu Moseley.